Alama za Kuuliza Katika Masomo ya Mwisho

Tarehe 14 Januari

Mjukuu wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za mwaka mpya, na uwafikishie wenzako mnaoishi nao salamu hizo hizo, ijapokuwa hawanifahamu. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi lina ratiba yake na halinishirikishi. Mama yako alikuja kunitembelea, akalipanga upya kabati la jikoni kwa nia njema kabisa, na tangu siku hiyo sijaliona chujio la chai. Fundi wa paa naye alikuja, akatazama, akasikitika, akaondoka.

Niwie radhi kwamba barua yangu ya kwanza ya mwaka inakuletea kazi. Unakumbuka kuwa Bibi yako, katika miaka yake ya mwisho, alikuwa akiandika kitabu cha kufundishia kusoma kwa lugha ya kwao, kwa ajili ya darasa la watu wazima alilolianzisha. Kompyuta yake ilizimika mwezi uliopita na haikuwaka tena. Fundi mmoja wa karibu na posta alizitoa faili zake na kunihifadhia kwenye flashi. Nilipozifungua maktaba, nilikuta maneno yanasomeka nusu nusu. Kila penye irabu yenye kofia, au yenye kitone chini, pametokea alama ya dola, mabano, au mdudu mwingine ambaye, katika miaka yangu yote ya kusahihisha prufu kwenye kiwanda cha uchapaji cha misheni, sikuwahi kumwona amesimama katikati ya neno.

Mchapaji aliyerithi mashine zetu amekubali kukichapa kitabu kabla darasa jipya halijaanza mwezi wa nane. Ameniambia bila kuficha kwamba asipopata maandishi safi kufikia mwisho wa Julai, ataingiza kazi nyingine na sisi tutasubiri mwaka mzima. Wanafunzi wanatumia karatasi zilizochakaa za masomo ya mwanzo. Masomo ya mwisho hayajawahi kutolewa kwenye karatasi hata mara moja.

Flashi imo ndani ya bahasha. Ikiwa kazi za ofisini zimekusonga, tafadhali niambie bila haya, nami sitanung'unika.

Nikutakiaye kila la heri,
Babu yako

Tena: Yule kijana aliyepokea simu yako wakati wa sikukuu ni nani? Nauliza tu.


Tarehe 17 Februari

Shikamoo Babu, mchumba wangu asiyezeeka,

Flashi imefika salama. Mimi mzima, wenzangu wanakurudishia salamu, na mmoja anasema mwandiko wako unafaa kwenye noti za benki. Chujio lako liko nyuma ya makopo ya unga. Nimemuuliza Mama. Kuhusu swali lako la mwisho, wino ulikuwa umefifia, sikulisoma vizuri.

Sasa, kazi. Usiombe radhi, nimeipenda. Faili haina herufi ndani yake, Babu. Ina namba tu. Namba fulani kuwa herufi fulani ni makubaliano, na Bibi alitumia makubaliano mawili. Faili za zamani zinafuata fonti iliyotengenezwa na fundi wa misheni, aliyezinyang'anya dola na mabano namba zao akazipa zile irabu. Kwenye kompyuta yenye fonti hiyo, safi. Kwenye nyingine, wadudu. Faili za baadaye ziko katika Yunikodi, makubaliano ya dunia nzima ambamo kila herufi ya kila lugha ina namba yake na hainyang'anyi mtu.

Programu naiandika kwa lugha ya kompyuta tunayoitumia ofisini. Inajengwa kwa vipande vidogo vidogo: kila kipande kinapokea kitu kimoja, kinakurudishia kitu kipya, na kile ulichokipa hakikigusi. Kwa hiyo faili za Bibi zitabaki kama zilivyo hata nikikosea. Na nimeshakosea. Lugha hii ni mvivu mwenye adabu: ukiiambia isome faili, inaitikia vizuri, lakini haisomi mpaka uhitaji herufi ya kwanza. Mimi nikaifunga faili mapema, nikidhani imeshasomwa. Ikaniandikia ukurasa mweupe pe. Nimecheka peke yangu ofisini mpaka bosi akachungulia.

Nahitaji jedwali: alama ipi inasimama badala ya irabu ipi. Bibi Mdogo, mdogo wake Bibi, si anaijua ile lugha, na ndiye anayefundisha darasa sasa? Mwombe akutengenezee. Mbona hukumtaja kwenye barua yako?

Wako,
Mjukuu


Tarehe 20 Machi

Mjukuu wangu mpendwa,

Nashukuru kwa barua yako na kwa chujio, ambalo lilikuwa pale pale uliposema. Naomba unisamehe kwa kuchelewa. Paa limeanza kuvuja upande wa sebule, nami nimehamishia vitabu chumbani, hivi kwamba sasa ni mimi ninayeishi kwao.

Jedwali uliloliomba limo humu. Nililitengeneza mwenyewe kwa kulinganisha karatasi za masomo ya mwanzo, zilizochapwa zamani, na zile zilizo kwenye skrini, neno kwa neno. Silijui hata neno moja kati ya hayo, lakini msahihishaji wa prufu halazimiki kuelewa. Hutazama tu kama huku na huku pamefanana.

Aidha, ili kukupunguzia kazi, nimezisafisha faili, katika nakala niliyobaki nayo, kabla ya kukutumia upya kwa flashi nyingine. Juu kabisa ya baadhi yao, kabla ya neno la kwanza, palikuwa na alama tatu za ajabu zilizogandamana, uchafu mtupu. Nimezifuta zote. Nisingeweza kukutumia ukurasa wenye taka kwenye kichwa chake.

Kuhusu Bibi Mdogo, yu mzima nijuavyo. Siku hizi hatuonani sana.

Babu yako


Tarehe 16 Aprili

Shikamoo Babu,

Mama anakusalimu. Anasema ukihamisha vitabu usivipange juu ya kitanda chake cha wageni. Mimi mzima, ila nimefanya kazi mpaka macho yamekuwa kama ya panya wa ghala.

Babu, zile alama tatu hazikuwa taka. Ndizo zilizokuwa zinaiambia programu yangu kwamba faili hii ni ya Yunikodi. Ulipozifuta, programu ikazidhani faili hizo ni za fonti ya fundi, na kila irabu moja ya Bibi ikanizalia wadudu wawili. Nilikaa siku nzima nikijiona mjinga kabla sijaisoma barua yako kwa makini. Usianze kuomba radhi! Nimeshatengeneza. Sasa programu haitegemei kichwa. Inajaribu Yunikodi kwanza kwa ukali, ikikataa ndipo inashika jedwali lako. Na jedwali lako halina kosa hata moja. Somo la kwanza mpaka yale ya katikati yanasomeka yote, nimekuchapia uone.

Shida iko kwenye masomo ya mwisho. Fundi wa posta aliyafungua akayahifadhi upya kwa programu isiyozijua zile herufi. Kila herufi isiyoijua, imeiwekea alama ya kuuliza. Irabu yenye kofia, alama ya kuuliza. Yenye kitone, alama ya kuuliza. Namba yenyewe imepotea, Babu, hakuna ujanja wa kuirudisha. Disiki ya zamani bado ipo?

Lugha yangu hii ina tabia moja. Nikiandika kipande kinachoweza kushindwa kusoma, hainiruhusi kukaa kimya. Jibu linarudi likiwa ama maandishi, ama kosa pamoja na mahali lilipo, na nisiposema nitafanya nini likirudi kosa, programu nzima inakataliwa. Njia zangu ni tatu: kusimama hapo hapo, kubahatisha, au kuorodhesha mapengo ili anayejua lugha ayajaze.

Anayejua lugha anakaa mtaa wa pili kutoka kwako. Kuna nini kati yenu?

Mjukuu


Tarehe 9 Mei

Mjukuu wangu,

Salamu. Paa limezibwa. Goti halijambo.

Nilikwenda kwa fundi. Disiki ya zamani aliisafisha na kumwekea mteja mwingine, jambo ambalo alinieleza kwa uchangamfu. Kwa hiyo huko hakuna tumaini.

Kurasa ulizonichapia ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Nimeziweka mezani, upande aliokuwa akikaa Bibi yako.

Kuhusu mapengo, naomba ubahatishe. Tazama ni irabu ipi inayotokea mara nyingi katika maneno yanayofanana, uiweke hiyo. Ulisema kompyuta inaweza kuhesabu mambo kama haya. Msomaji mwenye akili atasahihisha mwenyewe anaposoma. Mchapaji ameuliza tena, nami nimemwahidi.

Na kuhusu swali lako la mwisho, naomba radhi, lakini mengine ni ya watu wazima na hayahitaji kuandikwa.

Babu yako


Tarehe 2 Juni

Shikamoo Babu,

Huku kote kwema. Nakuandikia haraka kabla sijapoteza ujasiri.

Nilifanya ulivyosema. Programu ikahesabu, ikabahatisha, ikatoa kurasa zinazopendeza kwa macho. Lakini mimi siijui lugha ile na wewe huijui, na sikuweza kupeleka kwa mchapaji kitu ambacho hakuna aliyekisoma. Nikapiga picha ukurasa mmoja, nikamtumia Bibi Mdogo kwenye simu.

Alinipigia kabla sijaweka simu chini. "Nani ameandika takataka hii?" Nikamwambia ni somo la Bibi. "Dada yangu hakuandika hivi. Hapa imeandikwa mbuzi anafundisha kisima. Yeye alikuwa na akili." Nikamweleza habari ya fundi na alama za kuuliza. Akaniuliza nani aliamua zibahatishwe. Sikumjibu. Akasema, "Basi nimemjua."

Kisha akanieleza, Babu. Kwamba kabla ya mazishi alikuandikia mistari ya kumuaga dada yake kwa lugha yao, iingie kwenye kijitabu cha ibada. Na kwamba siku ya mazishi, aliposimama mbele ya watu kuisoma, alifungua kijitabu na haikuwemo. Hakukuwa na nafasi tupu wala maelezo. Ibada ikaendelea, na yeye akakaa.

Mimi nilikuwepo siku ile. Nilimwona akisimama na kukaa, nikadhani amezidiwa na kilio.

Kurasa za kubahatisha nimezifuta. Nimekuwekea humu masomo ya mwisho yakiwa na mapengo yake, kila pengo na namba ya mstari. Sitayapeleka kwa mchapaji hivyo, na sitabahatisha tena. Ukikasirika nitaelewa. Julai si mbali.

Mjukuu wako


Tarehe 8 Julai

Mjukuu wangu mpendwa,

Natumaini u mzima. Nilinyamaza muda mrefu, nawe lazima ulidhani nimekasirika. Nilikasirika kweli, kwa kiasi cha juma moja, na baada ya hapo nilikuwa nikitafuta tu shati la kuvaa.

Nilikwenda kwa shemeji yangu asubuhi ya Jumamosi, na kurasa zako ndani ya bahasha. Alikuwa kwenye cherehani, akipindisha pindo la sare za shule. Hakusimama. Alinionyesha kiti kilichojaa vitambaa na hakuviondoa, nami nikakaa ukingoni.

"Karibu, Bwana Msahihishaji," akasema. "Umekuja kunifuta na mimi?"

Nilianza kueleza, na nakueleza na wewe pia kama nilivyomweleza. Prufu ya kijitabu ilirudi siku moja kabla ya mazishi, na mahali pa mistari yake palikuwa na vijisanduku vitupu, mstari mzima wa vijisanduku, kwa kuwa mashine haikuwa na herufi zile. Sikuweza kuvumilia kuviona chini ya jina la mke wangu, nikaiondoa mistari yote.

"Ungeniita nivijaze kwa kalamu."

"Nakala zote zile, shemeji?"

"Mkono ninao. Au hukuuona siku zote hizi?" Akakata uzi kwa meno. "Ungeniambia hata mlangoni. Ungeniambia, mama, haimo, isome kwa kichwa. Niliijua kwa kichwa. Lakini nilisimama mbele ya watu kama mtu aliyemsahau dada yake."

Ninajua njia nyingi za kuomba radhi, mjukuu wangu, za kimaandishi na za mdomo, na hakuna hata moja iliyokuja. Nilikaa pale ukingoni mwa kiti. Hatimaye alinyoosha mkono, nikampa kurasa.

Akazitazama kwa muda. "Haya mapengo ameacha mtoto?"

"Ameacha mtoto. Amekataa kubahatisha, ingawa nilimwomba."

"Afadhali yeye," akasema, na akanirudishia. "Soma."

"Nisome nini?"

"Soma kwa sauti. Macho yangu yana sare za watoto wa watu. Wewe soma, ukifika penye pengo simama, mimi nitakwambia."

Nikamwambia siwezi kuisoma lugha ile. Akasimamisha cherehani kwa kiganja.

"Umekaa na dada yangu maisha yote yale, hujui kusoma?"

"Tulikuwa tukizungumza Kiswahili."

"Najua. Nilikuwa nakuja kwenu. Tulikuwa tunaongea jikoni, ukiingia tunabadilisha, kwa heshima yako. Haya. Kofia ni kupandisha sauti, kitone ni kushusha. Anza."

Nilianza. Nilisoma vibaya sana. Kuna wakati alicheka mpaka akajichoma sindano, akanilaumu mimi kwa damu iliyoingia kwenye kola. Lakini tulikwenda, Jumamosi ile na zilizofuata. Nikifika kwenye pengo nasimama, yeye anarudia sentensi mdomoni, anaitaja irabu na kusema "kofia" au "kitone," nami naandika kwa penseli. Baadhi aliyajibu kabla sijamaliza sentensi. Kwa mengine alisimamisha kazi na kutazama dirishani. Pengo moja lilimliza, na sikuuliza lilisema nini. Akanieleza mwenyewe baadaye: lilikuwa tu neno la kumwita mtoto aliyelala, jinsi mama yao alivyokuwa akiwaita.

Pia alinikataza kutumia kifutio. Alisema nikikosea nikate neno kwa mstari, ili yeye aone nilichokosea.

Kurasa zote zimo humu, zimejazwa. Tafadhali ziingize upesi uwezavyo. Naomba radhi kwa penseli.

Babu yako


Tarehe 24 Julai

Shikamoo Babu,

Hujambo? Nimeingiza kila kofia na kila kitone. Usiombe radhi kwa penseli.

Kulikuwa na kituko kimoja cha mwisho. Kuna irabu yenye kofia na kitone kwa pamoja, sauti inayopanda kisha kushuka. Katika Yunikodi kila irabu kama hiyo inaweza kuandikwa kwa njia zaidi ya moja: herufi moja iliyokamilika, au herufi tupu ikifuatwa na alama zake. Kwa jicho ni ile ile, kwa kompyuta ni maneno tofauti. Bibi aliandika kwa njia moja, mimi nikaingiza kwa nyingine, na programu ikagoma kuniambia yamefanana. Nimeongeza kipande kinachozileta zote kwenye namna moja kabla ya kuandika faili. Jana niliiendesha kwa masomo yote, la kwanza hadi la mwisho. Kila moja limerudi likiwa maandishi. Hakuna kosa.

Mchapaji amepokea, na amenijibu kwamba fonti yake mpya inazo herufi zote. Nilimuuliza mara mbili. Nikamwomba prufu, nikaituma kwa Bibi Mdogo moja kwa moja, unisamehe. Ameirudisha na neno moja: "Chapa."

Siku hizi ananipigia kila Jumapili. Amenieleza habari zako ambazo hukuwahi kuniandikia. Na kwa kuwa umekuwa jasiri, nami nitajibu lile swali la wino kufifia: anaitwa Fundi Umeme hapa nyumbani, na atakuja nami Desemba kukusalimu. Usimkague kama prufu.

Mjukuu wako


Tarehe 21 Agosti

Mjukuu wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na huyo Fundi Umeme, ambaye nitajitahidi kumpokea bila kalamu mkononi. Mama yako amefurahi kupita kiasi na ameshaanza kupanga kabati langu kwa ajili ya Desemba.

Vitabu vilifika Jumatatu ndani ya maboksi, na harufu ya wino ilinirudisha mbali sana. Nilivikagua ukurasa kwa ukurasa na sikuona kijisanduku. Nimetenga kimoja chako.

Darasa lilifunguliwa jana kwenye ukumbi wa shule. Nilikwenda kwa nia ya kukabidhi maboksi na kurejea nyumbani. Shemeji alikuwa ameshasimama ubaoni, na mbele yake wanawake wazima wapatao ishirini, wanaume wachache nyuma, na mzee mmoja muuza mkaa aliyenipisha kwenye benchi lake. Nikasema sitakaa. Shemeji akasema mbele ya wote, "Huyu ni mume wa aliyeandika kitabu. Anasoma kwa shida kuliko ninyi nyote, kwa hiyo ataanza yeye, ili mpate moyo."

Watu wakacheka, nami nikacheka kidogo. Nikafungua somo la kwanza. Ni sentensi fupi. Bibi yako alikuwa ameiandika kwa ajili ya mtu asiyejua chochote.

Nikaisoma.

"Kitone," akasema shemeji. "Rudia."

Nikarudia.

Babu yako